Walimpiga Rafiki Yangu kwa Hadithi Niliyoitunga Mimi

Admin, nifiche jina, ingawa sauti yangu inajulikana kuanzia hapa Tukuyu mpaka huko Dar. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, nina mke, watoto watano na migomba ambayo mkungu wake mmoja hubebwa na wanaume wawili. Shule niliishia darasa la sita, lakini nikianza kusema, hata mwenye digrii ananyamaza. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Nina rafiki yangu, nitamwita Asajile. Ni muuza maziwa, mtu mpole, na sikio lake la kushoto ni nusu kwa sababu mbwa alimng'ata akiwa mtoto. Kwa miaka ishirini, kwenye kilabu chetu cha pombe huku Mpuguso, nimekuwa nikisimulia kwamba Asajile ni mchuna ngozi za watu, kwamba nilipambana naye msituni tangu jua linachomoza mpaka linazama, na sikio nililing'ata mimi nikalitema mtoni. Watu hucheka mpaka wanamwaga pombe. Asajile mwenyewe hupiga meza: "Gwe, wewe mwizi, niletee sikio langu!" Kilabuni kila mtu anajua kwamba maneno yangu unayagawa kwa kumi ndipo unayameza.

Mwaka jana Tumpe, binti wa dada yangu anayesomea ualimu, akaja na simu yake. "Mjomba, hizi hadithi zinapotea bure. Nikurekodi niziweke mtandaoni kwa jina la Mjomba." Jamani, watu walimiminika! Maelfu. Tumpe akaniambia kuna shule ambako watoto wanaziandika kwenye madaftari. Mimi wa darasa la sita! Kichwa kikavimba. Nikaisimulia na ile ya mchuna ngozi, tena nikaongeza chumvi, nikasema bado yuko hai, anaiba watoto, anatembea na madumu ya maziwa na ndani hamna maziwa. Sikuwaza kwamba wanaosikiliza kwenye simu hawajawahi kukaa meza moja na mimi, wala kumwona Asajile akicheka.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kwenye gulio moja upande wa Masukulu kuuza ndama. Hata mteja wa kwanza hatujampata, kijana mmoja akamkazia macho pale sikioni, akaita wenzake. "Mshikeni huyo! Ni yule wa kwenye hadithi!" Asajile akacheka, akaninyooshea kidole. "Mwenye hadithi huyu hapa, muulizeni." Niliposema neno la kwanza tu, wakanitambua kwa sauti. "Mjomba! Ni Mjomba mwenyewe! Mjomba, ndiye huyu?" Simu kama ishirini zikanielekea usoni.

Nami nikajibu kama tunavyojibu kilabuni. "Ndiye! Sikio lake nililitema mimi."

Nikasubiri kicheko. Hakuna aliyecheka.

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni, nikasikia meno. La pili likampasua paji la uso, akapiga magoti huku akiniita kwa jina langu la nyumbani. Wakamjia na kuni, na mpini wa jembe, mama mmoja na mchi. Mgongoni fimbo zililia kama zinapiga gunia la mahindi, mkononi kama tawi kavu. Yule kijana akamkanyaga shingo. "Sema watoto umewapeleka wapi!" Mtu ataongeaje na taya limevunjika? Mwingine akamchoma jichoni kwa ncha ya fimbo. Kuna aliyekuwa anapiga kelele waletewe petroli.

Mimi niliruka juu ya watu wanne, nikamnyang'anya mmoja ule mpini, nikawatawanya kama kuku. Hapana. Admin, hilo usilifute, waache watu waone ninavyoanza. Sikuruka. Nilisimama na kamba ya ndama mkononi, nikasema "nilitunga, jamani" kwa sauti ambayo hata ndama hakuisikia. Waliomwokoa ni polisi, walifyatua risasi juu ndipo watu wakakimbia.

Asajile yuko hospitali. Jicho moja halipo tena, taya limefungwa waya. Video imesambaa, na juu ya kilio chake inasikika sauti yangu: "Ndiye!" Tumpe aliifuta ile hadithi, lakini kurasa nyingine zilishaichukua. Nikajirekodi upya nikasema niliongopa, huyu ni muuza maziwa, sikio lilienda na mbwa. Mnajua walinijibu nini? "Mjomba ametishwa." "Mjomba kanunuliwa na wachuna ngozi." Wengine wanacheka: "Hii nayo kali, endelea!" Mara yangu ya kwanza kusema kweli mtandaoni, hakuna aliyeniamini.

Jumamosi anaruhusiwa kurudi nyumbani. Kwenye kundi moja la WhatsApp vijana wameandika kwamba safari hii watamaliza kazi. Polisi nimewapeleka hayo maandishi na maelezo yangu yote, wameahidi doria, lakini doria haiwezi kulala mlangoni kwa mtu miaka yote. Mke wa Asajile ameniambia, "Shemeji, usimtaje tena mume wangu kwa huo mdomo."

Tumpe naye anasema, "Mjomba, ukweli hawautaki. Watungie nyingine. Sema ulimfananisha, mchuna ngozi mwenyewe ni mwingine."

"Mwingine nani?"

"Yeyote. Mpe alama nyingine tu, wamwache huyu."

Ni kazi ya dakika tano, na najua wataimeza yote. Lakini kila alama ninayoiwaza nakuta ina mwenyewe. Kiwete, namfahamu mmoja kule kijijini Matwebe, fundi viatu. Mwenye kovu shavuni ni mama anayeuza ndizi barabarani. Mwenye vidole sita ni shemasi wetu kanisani.

Nikitunga, Asajile atalala salama na mwingine atavunjwa taya. Nikinyamaza, Jumamosi ni keshokutwa. Mnaosoma hapa ni wengi na mna akili za shule kunizidi. Nishaurini nifanye nini, na tafadhali msichelewe.