Chumba Alichokivaa Shingoni

Mtaani walimwita Usipepese, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kila mteja aliyekaa kwenye stuli mbele ya pazia jeupe aliambiwa neno hilo, "Usipepese," na kila mteja akapepesa. Mtu ukimkataza jambo la macho ndipo macho yanapokumbuka kulifanya. Hata hivyo hakuacha kulisema.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Zamani, enzi za filamu, nusu ya chumba hicho ilikuwa giza tupu la kusafishia picha, na siku za sikukuu watu walipanga foleni hadi barabarani. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha, na giza lile likabomolewa ili mashine ya fotokopi ipate pa kukaa. Sasa watu walimjia pale tu serikali ilipowalazimisha, yaani kwa picha za pasipoti, masikio yote mawili yaonekane na meno yasionekane.

Hakuwa mlevi, hakuwa mzinzi, na karata hakujua hata kuzichanganya. Wake za watu walimtolea mfano. Lakini hakuna nyumba isiyo na panya wake, na panya wa nyumba hii alikuwa kamera.

Si kamera hivi hivi. Ilikuwa renjifainda ya kidijitali, ndogo, nzito, nyeusi, iliyokuwa inauzwa na muuza vifaa vya picha mjini. Kamera ya studio ukiichungulia unaona kile kile inachokiona lenzi. Hii ilikuwa na kidirisha chake pembeni, jicho lako likichungulia huko na lenzi ikiangalia zake. Katikati ya kidirisha palikuwa na kiraba cheupe kidogo kilichoonyesha kila kitu mara mbili: pua mbili, vifungo viwili. Unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka pua mbili ziwe pua moja, basi hapo ndipo umelenga. Usipepese alikuwa akienda dukani, anaomba kuishika tu, anazungusha pete mpaka yule muuzaji na kivuli chake wanakuwa mtu mmoja, anarudisha, anaondoka. Wiki iliyofuata anarudi tena.

Bei yake ilifaa utajiwe ukiwa umeketi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshona sare za shule. Kwa miaka wawili hao walikuwa wakiweka akiba kwa jambo moja: kumjengea mama mkwe wa Usipepese chumba nyuma ya nyumba. Bibi yule aliishi peke yake mbali, miguu ilikuwa imeanza kumkatalia, na kila aliyempigia simu alijibiwa kwamba hajambo. Matofali yalikwisha nunuliwa, yakapangwa ukutani uani, yakisubiri saruji na mafundi.

Usipepese akaanza kupima. Upande mmoja, chumba. Upande wa pili, kamera ambayo ingemrudishia jina lake, harusi zingerudi, watu wangeona tofauti, na faida ya miezi michache tu ingejenga chumba na choo chake ndani. Alipima vizuri sana, ila alipima kama muuza nyama mwenye kidole kwenye mizani. Furaha ndiyo iliyokuwa inakandamiza, naye akaiita biashara.

Akanunua.

Mkewe hakupiga kelele. Aliitazama ile kamera mezani, akauliza, "Na matofali nimwambie mama ni ya nini?"

"Ni miezi michache tu, mama watoto. Hiki ni chombo cha kazi."

"Haya," alisema mkewe, akarudi kwenye cherehani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Usipepese alikaa akiusubiri mshindo huo siku nyingi. Haukuja, na hilo ndilo lililomtisha.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku za mwanzo alitembea mitaani kama kijana aliyeposa na kukubaliwa. Sauti ya kufyatua ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati kinapopita tunduni, watu hawakushtuka, wala hawakujikakamua. Alibandika utepe mweusi juu ya kioo cha nyuma ili asiwe anakimbilia kutazama kila alichopiga, kisha akairudisha sheria yake ya enzi za filamu: picha za wiki hazifunguliwi mpaka Jumamosi. Raha ya picha, alisema, nusu yake ni kuingoja. Ndani ya kidirisha palikuwa na kimshale chekundu kilichowaka mwanga ukiwa haba, nacho hakukijali, maana mwanga alikuwa akiupima kwa ngozi ya mkono wake tangu kimshale hicho hakijazaliwa.

Ila pamoja na raha kulikuwa na hofu. Lenzi ile peke yake ilikuwa nusu ya chumba cha mama mkwe. Vumbi likipita, alifunika. Mtoto akikimbia, alifunika. Akimaliza kupiga picha moja, kifuniko kinarudi kabla hajashusha mikono. "Unailinda kuliko unavyonilinda mimi," mkewe alimwambia siku moja, na hakuwa anacheka.

Harusi hazikurudi. Shangazi wa bibi harusi mmoja aliitazama akauliza, "Ndiyo kamera hiyo? Mbona kama redio ya babu?" Alitaka kamera kubwa yenye mdomo mrefu, wageni waione kwamba kuna mpiga picha. Mwingine alilalamika kwamba wakati Usipepese anazungusha pete yake, maharusi wamekwisha kata keki na kulishana. Mwezi ukapita, na mwingine. Matofali yakaota ukijani chini. Usingizi ukamkimbia, akilala upande huu anaona kamera, akigeuka anaona matofali. Mwishowe akaifunga kwenye kitambaa akairudisha kwa muuzaji, naye akamtajia nusu ya bei.

"Nusu? Haina hata mkwaruzo!"

"Kaka, mimi sinunui mapenzi, nanunua kamera," alisema muuzaji. "Fikiri, uje wiki ijayo."

Akarudi nayo nyumbani ameamua kuiuza. Hapo ndipo mama mkwe akaja.

Alikuja bila kualikwa wala kuagizwa, na mfuko wake wa nguo na fimbo yake, akasema amekuja kuwaona kabla miguu haijamaliza kukataa. Alikuwa bibi wa maneno machache yenye ncha. Kitu kimoja kilijulikana na ukoo mzima: hapigwi picha. Ya pekee iliyokuwepo ilikuwa ya kitambulisho, ametoa macho kama mtu aliyekanyagwa, na hata hiyo ilikwisha futika. Harusini kwa bintiye alijificha nyuma ya masufuria. Mkwewe alimbembeleza miaka yote, jibu likawa lile lile: "Siwezi kumchekea mtu asiye na uso."

Siku ya pili yake, mkewe akiwa amepeleka sare shuleni, Usipepese alimkuta bibi uani ameyashika yale matofali kwa kiganja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Aliitazama kamera iliyoning'inia kifuani pa mkwewe. "Kwa hiyo chumba changu ndicho hicho umekivaa shingoni."

Usipepese alitamani ardhi ipasuke.

"Usinililie, mimi si polisi," alisema bibi. "Kinakaa vizuri shingoni, hakivuji. Hebu niwekee macho hapo nikione kinavyofanya kazi."

Akaiinua kumwonyesha. Kidirisha kikiwa pembeni, kamera ilimziba nusu ya uso tu, na jicho lake la kushoto likabaki nje, wazi, likimtazama mama mkwe. Bibi akalitazama jicho hilo kitambo.

"Ala! Leo nakuona."

"Unaniona, mama."

"Basi nipige. Nipige kabla sijabadili nia. Binti yangu amenisumbua na hili tangu ana meno ya utoto."

Furaha ilimpanda Usipepese mpaka kichwani. Alikimbilia ndani kuleta kiti, lakini alipokiburuta kupita kwenye matofali vumbi likatimka, akaifunika lenzi haraka, akaiachia kamera kifuani, akakibeba kiti kwa mikono miwili. Alimweka bibi ukutani, pale jua la asubuhi lilipopiga ukuta wa jirani na kurudi laini. Akampima mwanga kwa mkono. Akachungulia kidirishani: bibi wawili. Akazungusha pete. Bibi mmoja. Kimshale chekundu kikawaka, naye akakidharau kama kawaida yake.

Alipiga asubuhi nzima. Bibi alisimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuja kuposa amevaa viatu vya kuazima, viwili vya kushoto, akacheka hadi akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Alitazama mikono yake. Alimkemea kuku. Hakupepesa hata mara moja, na Usipepese hakumwambia asipepese. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kumwona mtu namna ile, na alijua, kwa uhakika wa mtu anayeijua kazi yake, kwamba hizi ndizo picha alizozaliwa kuzipiga. Kamera imelipa deni lake lote leo, alijiambia. Haiuzwi.

Mkewe aliporudi na kuambiwa, alikaa chini kwenye kizingiti. "Mama amekubali? Mama huyu?" Kisha akamtazama mumewe kama alivyokuwa akimtazama kabla ya matofali. "Nionyeshe."

"Jumamosi," alisema Usipepese, akicheka. "Sheria ni sheria."

Mkewe naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu kamera iingie nyumbani mle. "Haya bwana Jumamosi."

Bibi alikataa kukaa zaidi, alisema kuku wake hawana mtu. Wakampeleka stendi. Ijumaa alfajiri jirani yake akapiga simu kwamba hakuamka.

Sitasimulia kilio. Palipokucha vizuri ndugu walikuwa wamekwisha pigiana simu, na mkewe alimwambia kila mmoja, kwa sauti iliyokatika, "Picha ipo. Mume wangu alimpiga juzi juzi. Tunakuja nayo." Wadogo zake wakalia upya kwa kusikia hivyo. Mama yao ana picha! Alipomaliza alianza kufunga nguo za safari, na Usipepese alisimama mlangoni akiwa ameshika ile kamera.

"Katoe nzuri kuliko zote," alisema mkewe bila kuinua kichwa. "Kubwa. Ya kuweka mbele." Alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena. "Unajua alikusifu? Tulipokuwa tunaosha vyombo jioni ile. Aliniambia, mumeo si mchezo, ana kamera inayopiga picha hata kifuniko hakijatolewa mdomoni. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakitoi, anasema, lakini fundi haulizwi kazi yake mbele ya kazi. Nikamwambia, mama, siku hizi kila kitu kinawezekana."

Miguu yenyewe ilimpeleka Usipepese studio. Alitoa kadi, akaichomeka kwenye kompyuta, akafungua.

Nyeusi.

Akabonyeza. Nyeusi. Akaongeza mwanga kwa programu yake ya kurekebishia picha, akauongeza hadi mwisho, zikatokea chembe chembe za rangi kama vumbi, basi. Alitafuta ukingo wa kiti, ncha ya mtandio, chochote. Alibonyeza picha hadi picha, akiomba moja tu, moja ambayo kwa bahati tu aliisahau hofu yake. Siku zote ile hofu ilimfanya afunike baada ya kupiga. Siku ile raha ilimfanya asahau kufunua kabla. Kamera ya studio, ile ya bei ndogo aliyoidharau, ingemwonyesha giza papo hapo. Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini yake hayakungoja hata mtoto azaliwe.

Mkewe akaingia, mtandio mabegani, mfuko mkononi.

"Mbona hujaiwasha kompyuta?"

"Imewaka."

Mkewe aliutazama ule weusi. Akaweka mfuko chini taratibu. Hakuwa mjinga, alikuwa amezisema mwenyewe habari za kifuniko dakika chache tu zilizopita. Usipepese alimwona akizikumbuka. Mkewe akavuta ile stuli ya wateja, akakaa.

"Inayofuata," alisema.

Akabonyeza.

"Inayofuata."

Akabonyeza. Machozi yalikuwa yakimtiririka Usipepese, hakuyafuta. "Hapa," alianza, "hapa alikuwa anaeleza habari za viatu vya baba. Viwili vya kushoto. Amecheka. Ameziba mdomo na mtandio, jicho moja limefumba kuliko lingine." Akabonyeza. "Hapa ametazama mikono yake. Hivi. Amevigeuza viganja juu." Akabonyeza. "Hapa anamkemea kuku." Hakukosea hata moja. Zote alikuwa nazo, mwanga na vivuli na mikunjo ya shingo, akamweleza mkewe moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, ile ambayo bibi alikuwa ameinuka kwenye kiti na kugusa tofali, akisema inatosha baba, nimechoka.

Nje gari la kuwapeleka lilipiga honi. Mkewe aliendelea kukitazama kioo cheusi, ambamo sasa zilionekana sura zao wawili tu, moja nyuma ya nyingine.

"Wewe ulimwona," alisema. "Mimi je?"

Akaokota mfuko, akatoka kwenda kupanda gari.