Wavu wa Mlango wa Nyuma

Mara ya kwanza Mukai alipoukuta wavu umekunjwa, aliilaumu mvua. Ulikuwa wavu mgumu wa waya, ule wa kufungia vibanda vya kuku, na yeye mwenyewe ndiye aliyeupigilia misumari chini ya mlango wa nyuma hadi kwenye kizingiti ili panya wasipate pa kupenya. Sasa pembe yake moja ilikuwa imeinuliwa na kukunjwa kando, kama mtu anavyokunja pembe ya mkeka. Aliirudisha, akaongeza msumari, akaenda zake.

Juma lililofuata pembe ilikuwa imekunjwa tena. Na mvua haikuwa imenyesha.

Nyumba yenyewe ni ya mbao, vyumba viwili na baraza, imejengwa chini kabisa ya kiwanja kimoja kikubwa huko Kitisuru, Nairobi, karibu na kijito. Juu kuna nyumba ya mawe, na humo anakaa Mzee Wainaina, aliyefiwa na mke zamani, pamoja na Mercyline, msichana aliyeajiriwa kumtunza. Ile ya mbao hufungwa karibu mwaka mzima. Nyawira, binti ya mzee, anafanya kazi Kigali na huja Desemba na watoto wake, na hao watoto hawataki kulala kwingine. Desemba iliyopita walikuta panya wamezaa ndani ya godoro. Mtoto mmoja alipiga mayowe yaliyosikika hadi barabarani. Ndipo Nyawira akamtafuta Mukai: aje kila Jumanne, afungue madirisha, afagie, na ahakikishe panya hawarudi.

Mukai ni mama wa Kikamba ambaye amekaa mtaa wa Satellite tangu alipotoka Machakos akiwa mke mchanga. Panya kwake si wageni. Aliziba kila tundu kwa waya wa kusugulia sufuria, akamwaga simiti juu. Magodoro aliyaning'iniza kwa kamba. Sabuni, mishumaa na mabaki ya unga alivifungia ndani ya madebe. Kilichobaki ni mlango wa nyuma, ambao mbao zake zilikuwa zimeoza kwa chini. Hakuna aliyeutumia. Ufunguo wake, Nyawira alisema, ulipotea watoto wakiwa bado hawajazaliwa.

Panya hutafuna, Mukai alijiambia akiwa amechuchumaa mbele ya ule wavu. Lakini panya gani anakunja waya?

Alipofagia chini ya kitanda aliokota punje za mahindi ya kuchoma, nyingine zikiwa na alama za meno madogo. Akainuka, akatazama dirishani hadi kwenye geti. Joash, askari wa mchana, alikuwa ameinamia jiko lake akipepea makaa. Kila siku alichoma mahindi pale.

Tangu siku hiyo Mukai hakumsalimia Joash vile alivyozoea. Alimjibu "mzuri" kabla hajaulizwa hali, akapita. Na kila alipogeuka aliona kwamba Joash naye anamtazama, tena kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Jumamosi alikwenda Kenyatta Market, ambako binti yake Syokau anasuka nywele, akamweleza. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mteja aliyekuwa kitini akageuza shingo, nywele nusu zimesukwa.

"Mama, fungua macho," yule mteja alisema. "Hao walinzi wanajua nyumba ikikaa tupu. Kuna mmoja kule kwetu alikuwa anakodishia watu chumba cha mwajiri wake. Watu wanalala humo, asubuhi wanatoka."

"Na wakikuta kitu kimepotea, ni nani atasemwa?" Syokau akadakia. "Si ni wewe mwenye ufunguo?"

Maneno hayo yalimkaa Mukai kifuani. Jumanne iliyofuata, kabla ya kufunga, alichukua majivu akayatandaza kwa ndani, nyuma ya ule mlango, akayasawazisha kwa ufagio. Aliporudi juma lingine alikuta nyayo. Kulikuwa na za panya, ndogo ndogo kama mshono, na katikati yake nyayo za mtu, kiatu kisicho na mistari. Kando ya nyayo hizo kulikuwa na vidoa vya mviringo, kimoja kila hatua, vikubwa kama kizibo cha soda. Hivyo hakuvielewa hata kidogo, na kutovielewa kukamwongezea hofu.

Alitoka moja kwa moja hadi getini.

"Joash, nani anaingia ile nyumba?"

Joash aliweka chini kipepeo chake cha makaa. Hakuonekana kushtuka, na hilo Mukai alilihesabu dhidi yake.

"Nami nimekuwa nikitaka kukuuliza, Mama Syokau," alisema. "Maana mimi nazunguka huko kila siku na sioni panya. Wewe ukikuja Jumanne, panya wapo. Ukienda, unampigia Nyawira simu hapa getini, unamwambia panya wamerudi."

"Unamaanisha nini?"

"Namaanisha panya wakiisha, kazi yako pia inaisha."

Mukai aliangalia mfuko wake wa kiondo mkononi, akaelewa kwamba kwa majuma yote hayo askari huyu amekuwa akiutazama akidhani umebeba panya. Hasira ilimpanda hadi masikioni.

"Mimi ni mtu wa kanisa, Joash!"

"Hata mimi."

"Na mahindi niliyookota chini ya kitanda ni ya nani, kama si yako?"

Joash aligeuka akaitazama nyumba ya mbao. "Mahindi?" aliuliza. "Ndani?" Akarudi kupepea makaa, na Mukai akaondoka akiwa na hakika kwamba amemnasa.

Alhamisi alikuja bila kumwambia mtu, mchana, jua likiwa kali. Alipita kando ya ua hadi nyuma ya nyumba ya mbao, na hapo akamkuta Joash amesimama, sikio karibu na ukuta.

"Nilijua!" Mukai alisema.

Joash aliweka kidole mdomoni mwake. "Mimi niko huku nje, Mama. Wewe pia uko nje. Sasa sikiza."

Ndani mtu alikohoa.

Wavu ulikuwa umekunjwa kando na mlango umeegeshwa tu. Joash aliusukuma kwa rungu. Mzee Wainaina alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha wajukuu, bakora yake imeegemea goti, akipukuchua hindi la kuchoma kwa kidole gumba. Punje nyingine zilimponyoka zikaanguka. Karibu na kiatu chake panya mmoja alikuwa anakula bila wasiwasi wowote, kisha akawaona wageni, akatoweka.

"Nani amewatuma?" mzee aliuliza. "Nyawira?"

"Hapana, Mzee," Mukai alisema. Macho yake yalikuwa kwenye ncha ya mviringo ya ile bakora.

"Usinidanganye. Mlango nimeutengeneza mimi. Ufunguo sijawahi kuutoa mfukoni. Halafu nakuja siku moja nakuta umepigiliwa waya. Naondoa, unarudi. Naondoa, misumari imeongezwa. Mnanifungia nje ya nyumba niliyojenga kwa mikono yangu, mpate kuiuza?"

Mukai alivua kanga mabegani, asijue anaivulia nini, akaketi chini mbele yake.

"Mzee, ule wavu ni wa panya. Niliuweka mimi. Kuna panya humu."

"Panya." Alilitamka kana kwamba ni kisingizio kibaya. Akamgeukia Joash. "Na wewe, unayenipa mahindi?"

"Ulinambia unakula barazani, Mzee," Joash alisema. "Mercyline akitazama vipindi vyake."

Haikuwa rahisi kumwaminisha. Mukai alimwonyesha godoro lililotafunwa, matundu aliyoziba, madebe. Mzee alivikagua kimoja kimoja kwa bakora yake kama fundi aliyeitwa kukosoa kazi ya mwenzake. Mwishowe alisema mke wake alipenda kukaa chumba kile mchana kwa sababu kijito kinasikika, na kule juu hakisikiki.

Siku hiyo hiyo Joash alikata ubao uliooza, akapigilia mpya, na chini yake akafunga ukanda wa mpira wa tairi unaogusa sakafu mlango ukifungwa. Mukai alileta debe lenye kifuniko kwa ajili ya magunzi, akamwomba mzee aketi mezani. Mitego aliitega nyuma ya kabati. Ikanasa panya, kisha majuma yakapita haijanasa kitu.

Alimpigia Nyawira akamweleza yote.

"Baba ana ufunguo? Anafanya nini huko?"

"Anakula mahindi na kusikiliza maji."

"Hayo tu? Mama Syokau, una hakika?"

Mukai aliitambua shaka ile. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akizungumza kwenye saluni ya Syokau.

"Njoo ukae naye humo mchana mmoja," alimwambia. "Halafu utaniambia wewe."

Mwaka huo Nyawira alikuja mapema kuliko kawaida, kabla shule za Kigali hazijafungwa, peke yake.