Bima ya Vioo vya Mwikwabe

Mwikwabe anauza magodoro na mablanketi hapa Nkende, mjini Tarime, na mimi nashona nguo mlango wa pili, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu. Magodoro yake ni ya kawaida tu. Mablanketi yanatoa manyoya. Lakini tangu alipobomoa ukuta wa mbele akaweka vioo kutoka chini mpaka juu, vile vyeusi ambavyo ukiwa nje unajiona mwenyewe na ndani huoni kitu, mtu huyo akawa haambiliki. Salamu zetu alizipokea kwa kidevu. Teresia, aliyekuwa akiuza uji pale mbele kabla duka lile halijajengwa, alimfukuza eti mvuke wa sufuria yake unachafua vioo. Asubuhi utamkuta anavifuta kwa kitambaa laini, mzee mzima, wakati nyumba ya mkewe kijijini iliezekwa na wajomba.

Kisha akavikatia bima. Kukata bima ni jambo la busara, silibishii, ningekuwa na vioo hata mimi ningevikatia. Mwikwabe alikata ili atutambie. Alimwita wakala, kijana mpole anaitwa Gidion, amweleze masharti nje pale ili mtaa mzima usikie. Kampuni italipa kioo kikivunjwa na jiwe, gari, mlevi, au mnyama wa mtu mwingine. Haitalipa kikivunjwa na mwenye duka, na watu wake, au na mifugo yake.

"Mifugo yangu iko kijijini, mura," Mwikwabe akamwambia kijana huku akicheka. "Haijui hata lami."

Sasa mtu huyu ana binti, Ghati, na sijui alimpata wapi mtoto mwenye akili namna ile. Ghati alichumbiwa na Rubeni wa Issenye, wakapendana kweli, lakini baba mtu akawazungusha wazee wa Rubeni kwa madai mapya kila wakija, mpaka binti akakonda. Nguo yake ya harusi nimeipunguza kiuno mara mbili. Mwezi uliopita mambo yakakubaliwa, mahari ikaletwa.

Kwetu ng'ombe wa mahari hupelekwa nyumbani, kwenye boma la baba wa binti. Mwikwabe akakataa. Kijijini nani atawaona? Akataka washushwe kwenye lori mbele ya duka, mji ushuhudie. Mzee Hezekia, baba yake Rubeni, alimsihi kwa adabu.

"Mzee mwenzangu, hawa ni ng'ombe wa porini. Watashtuka."

"Shusha!" Mwikwabe akasema.

Wakashushwa. Wazee wa pande zote wakawapitia mmoja mmoja, wakaridhika. Mwikwabe akasimama ngazini akanyoosha mkono kama mkuu wa wilaya: "Nimepokea! Ng'ombe ni wangu, binti ni wenu." Tukapiga vigelegele. Ghati alilia kwa furaha begani kwangu, na nikasema moyoni, haya, mateso yake yamekwisha.

Hapo dume mwekundu akainua kichwa akamwona dume mwekundu mwenzake anamkazia macho. Ng'ombe hajui kioo. Alichimba vumbi, akainamisha pembe, akamwendea yule mwenzake kwa nguvu zake zote. Vioo vilimwagika vyote, na dume akabaki katikati ya magodoro, damu usoni, akimtafuta adui yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijutii.

Kesho yake asubuhi Gidion akaja kukagua. Ng'ombe walikuwa bado wamefungwa nyuma ya duka, na Mzee Hezekia, aliyelala mjini kwa ajili ya yule dume, alikuwa anamsafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Gidion akauliza swali moja tu, la kazi yake: dume huyu ni wa nani?

Mwikwabe hakufikiri hata kidogo.

"Wa huyo mzee," akasema, akimwonyesha Hezekia kwa kidole. "Mimi sijapokea ng'ombe wa mtu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Hezekia akaacha kuosha.

"Mzee mwenzangu, jana umepokea mbele ya watu."

"Jana tulikuwa tunaangalia tu."

Gidion, Mungu ambariki, alijaribu kumwokoa. Akamwambia kwamba akishikilia hivyo, kampuni itamlipa yeye, halafu itamfuata Hezekia imdai.

"Mfuateni," Mwikwabe akajibu.

Ghati alikuwa amesimama mlangoni mwangu. Akavuka, akapiga magoti mbele ya baba yake juu ya vipande vile.

"Tata, sema ukweli. Ukisema hukupokea, mimi kule Issenye nitakuwa nani?"

"Utaolewa tu, haraka ya nini? Kwanza duka lizibwe, usiku mzima nimelipia mlinzi wa bunduki mlangoni."

Nimewaona wezi hapa Tarime, nimewaona walevi wanaouza sufuria za wake zao, lakini sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau huyu.

Mzee Hezekia hakugombana. Alipiga simu, lori likarudi, wakaanza kupakia. Hakuna aliyethubutu kumtazama binti. Ng'ombe wa mwisho alipopanda, Ghati akaingia kwangu, akachukua nguo yake ya harusi ikiwa bado na pini, akaikunja kwapani, akamwendea Hezekia.

"Baba, shikamoo. Nimekuja bila mahari. Mtanipokea?"

Yule mzee alifungua mlango wa lori akamsaidia kupanda. "Panda, mwanangu. Hawa ng'ombe tutawapeleka kwa mama yako."

Hapo ndipo Mwikwabe alipozinduka. Akakimbia na kandambili zake juu ya vioo, anapiga kelele kwamba binti yake anaibwa. Ghati akashusha dirisha akamwita wakala.

"Kaka Gidion, ukishaandika kwamba dume si wake, andika na mimi si wake."

Lori likaondoka. Gidion akabaki ameinamisha uso. Mwikwabe akalitazama lori mpaka likakata kona, kisha akamsogelea kijana yule, akamwuliza kwa sauti ya chini:

"Hiyo haitapunguza malipo?"