Karatasi Sita za Mwalimu Octave

Mwalimu Octave alikuwa mtu wa ziwani, mzaliwa wa Rugenge pale Uvira, na hilo ndilo lililotuponza. Wapo watu hadi leo wanaosema kwamba alikuwa mvivu. Nikiwasikia napandwa na hasira. Mimi Protais nilikaa darasani kwake, na sijaona mtu mwingine aliyejitesa namna ile kwa ajili ya watoto ambao hata hawakuwa wa kwao.

Alitumwa kwetu kufundisha shule ya misheni karibu na Kamanyola. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Pombe yetu ya ndizi hakuweza kuinywa bila kukunja uso, na wazee walimtania kwamba tumbo lake linajua maji ya ziwa tu. Kirundi chetu alikijua nusunusu, desturi zetu hata nusu hakuzijua, lakini alikuja na mke na watoto wawili wadogo, akajenga, akalima mihogo, akawa wetu.

Mwanzoni mwa ule mwaka wa shule, 1955, padri mkuu alimweleza jambo moja bila kuficha. Kwa miaka miwili hakuna mtoto wa darasa la sita aliyefaulu kuingia shule ya kati mjini. Mwaka huu tena asipopatikana hata mmoja, darasa litafungwa, na chumba watapewa watu wa pamba waweke mavuno yao. Tulikuwa watoto sita. Mwalimu alitusimulia yote, maana hakuwa na tabia ya kuficha.

Adui yetu alikuwa hiyohiyo pamba. Kila nyumba ya bonde la Ruzizi ilikuwa na shamba lake la lazima, na kapita, msimamizi wa mashamba, akipita kuangalia nani amelala. Mavuno yakianza, hakuna mkono uliobaki shuleni. Tulitoka darasani tukiwa na kitu kichwani, tukarudi karibu na mtihani tukiwa watupu.

Basi mwalimu akabuni dawa yake. Aliomba misheni karatasi ngumu, zile nene zisizochanika upesi, wakampa sita, na si moja zaidi. Kila somo akaliandika karatasi moja, kwa wino na herufi ndogo safi: hesabu, jiografia, historia, usafi, kilimo, Kifaransa. Aliziita rezime. Somo zima la mwaka lilikaa pale, maswali upande wa kushoto, majibu upande wa kulia, mafupi kama ya katekisimu. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kila nyumba itakaa na karatasi moja wiki moja, mtoto ataiimba shambani akivuna, na Jumapili baada ya misa karatasi itahamia nyumba nyingine. Mavuno yakiisha, kila mtoto atakuwa amepitia zote sita. Kwao ziwani ndivyo walivyofanya na wavu: wavu mmoja, familia nyingi, kila mtu kwa zamu yake, na hakuna aliyelala na njaa.

Lakini sisi hatukuwa watu wa wavu.

Alizileta nyumba kwa nyumba, amevaa shati lake la Jumapili. Kwetu alipofika, baba yangu, Mzee Bigirimana, aliita majirani. Mtungi ukatolewa, mwalimu akakunja uso akanywa, kisha akasimama akamkabidhi baba karatasi ya jiografia kwa mikono miwili. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akapiga makofi ya shukrani. Mwalimu alieleza habari ya Jumapili, ndiyo, na wote wakaitikia. Lakini kwetu kitu ulichopewa mbele ya watu, kwa mikono miwili na pombe ikinywewa, ni zawadi. Mtu akikupa ng'ombe, hutamswaga Jumapili ijayo ukampe jirani. Ukifanya hivyo umemtemea mate aliyekupa.

Jumapili ya kwanza ilipofika nilimkumbusha baba. Alinitazama kana kwamba nimemwambia auze msalaba wa ukutani. Akasema mwalimu aliongea vile kwa unyenyekevu tu, kama mtu mwenye adabu anavyodharau zawadi yake mwenyewe, na kwamba mimi ni mtoto, nivune. Nyumba zote sita zilifanya vivyo hivyo. Karatasi yetu ilitundikwa karibu na picha ya Bikira Maria, nami nilisoma nikitazama juu kila asubuhi.

Na tuliimba, jamani. Mama yangu Pélagie, asiyejua hata herufi moja, alikuwa anaitisha mstari huu, sisi tunaitikia ule. Ruzizi inatoka wapi? Inatoka Kivu. Inaingia wapi? Inaingia Tanganyika. Mwalimu alipita juani akisikiliza kila nyumba kutoka barabarani, maneno asiyapambanue, akacheka kile kicheko chake. Alipouliza kama karatasi zinazunguka, wazazi walimjibu kwamba ndiyo, zinazunguka vizuri. Hawakumdanganya kwa ubaya. Mgeni hujibiwa neno la kumfurahisha, na mwalimu, kwa miaka yote aliyokaa nasi, bado alikuwa mgeni.

Mavuno yalichelewa kwisha. Tulirudi darasani siku moja tu kabla ya mtihani. Mwalimu akamuuliza Kizito, mwenzangu wa dawati, majina ya maziwa. Kizito, ambaye nyumbani kwao walipewa hesabu, hakujua hata moja. Akaniuliza mimi asilimia, sikujua hata ni kitu gani. Alizunguka madawati yote akiuliza huku sauti yake ikizidi kushuka, mwisho akaketi kwenye kiti akashika kichwa. Mimi nilitamani anipige. Kupigwa kungekuwa nafuu.

Kisha akainuka akatoka mbio, nasi nyuma yake, kwenda kuzikusanya zile karatasi. Baba aliitungua yetu taratibu, akampa, na uso wake sitausahau.

"Mwalimu," alisema, "tulikukosea nini?"

Hapo ndipo Octave alipoelewa, nami niliona jinsi kuelewa kulivyomuumiza. Alirudi nazo darasani, tukasoma mpaka giza likatuzuia, kila mmoja akimfundisha mwenzake. Somo la mwaka haliingii kichwani kwa mchana mmoja. Tulichopata ni kuchanganyikiwa tu.

Padri mkaguzi alikuja kesho yake na pikipiki yake, akatuita mmoja mmoja. Kizito alijibu hesabu zote bila kusita, na mengine yote akakwama. Mimi nilitaja mito, maziwa, milima na mikoa, hata padri akaacha kuandika akanitazama. Alipogeukia historia, sikujua hata jibu moja. Wote sita tulikuwa vivyo hivyo. Mwalimu alisimama ukutani, jasho likilowesha shati, na mtoto wa mwisho alipomaliza akapiga hatua mbele ya meza.

"Mompere," alimwambia padri, "uwaulize bote pamoja. Moja moja banapotea. Lakini bote pamoja, hakuna kitu yenye itabashinda."

Padri hakuwa katili, naweza kumtetea kwa hilo. Alifunga kalamu yake polepole.

"Shule ya kati inapokea mutoto, Octave. Haipokei darasa."

Wiki hiyohiyo madawati yalitolewa nje. Magunia ya pamba yakapangwa mpaka darini. Misheni haikuwa na kazi nyingine ya kumpa mwalimu, na kwao Rugenge aliona aibu kurudi mikono mitupu. Alikuwa na watoto wa kulisha. Mnunuzi wa pamba, mzungu mmoja wa kupita, alisikia kwamba anaandika tarakimu safi, akamchukua asimamie mizani.

Mavuno yaliyofuata mimi na mama tulipeleka mzigo wetu. Mizani ilionyesha kilo sitini. Mzungu alikuwa amesimama nyuma ya mwalimu, na amri yake ilijulikana kwa wote: pamba ina unyevu, kila mia itolewe tano. Octave alitazama mizani, akatazama chini, akasoma kwa sauti ya chini, "Hamsini na nne." Kalamu akaiinua, lakini hakuandika.

Mama akanigeukia.

"Weye ulisoma. Iko sawa?"

Nilijaribu. Nawaapia nilijaribu, lakini kilichonijia kilikuwa mito na maziwa tu. Mwalimu aliinua macho akanikazia, na ndani ya macho yale niliona mtu anayeomba. Alikuwa anangoja nikatae. Amri ya siri ya mzungu ilikuwa kutoa kumi badala ya tano, na yeye hakuweza kuikataa, mzungu yuko begani, watoto wako nyumbani. Alihitaji mtu mmoja tu, kati ya wote aliowafundisha, aseme kwamba ile ni hamsini na saba.

"Iko sawa, mama," nikasema.

Mwalimu Octave akaandika hamsini na nne. Machozi yalimdondoka juu ya karatasi mbele ya watu wote, na mzungu akamwambia aite mzigo unaofuata.