Mama Mkwe Aliyeacha Kunywa Maji

Nyumba yetu ya Ibadakuli niliijenga kwa hela ya kutengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu huko Geita, na kitu nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa choo cha ndani. Vigae vyeupe, maji ya bomba, mlango unaotazamana na sebule. Wageni niliwaonyesha kabla hata hawajaketi. Siku hizi nikiupita mlango ule najisikia vibaya.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka kijijini kwao, karibu na Runzewe, wakati wa jua kali, mvua hazijaanza. Alipanga anikose, niwe machimboni, kama alivyofanya miaka yote. Bahati mbaya nilikuwa nimerudi, chuma kimeniponda mguu, nimeunyoosha juu ya stuli pale sebuleni kuanzia asubuhi hadi usiku. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na kuchangia choo ndiyo usiseme kabisa. Mimi nilijiona mtu wa kisasa. Nilimwamkia kwa mbali, "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba, baba," huku akitazama pembeni. Nikadhani mambo ya heshima yameisha hapo.

Kila mke wangu alipompelekea maji, alisema hana kiu. Chai aliionja tu. Nikamtania mke wangu, "Mama yako ametoka ukoo wa ngamia nini?" Hakucheka.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Akakifunga kwa kanga, akameza panadol, akasema ni jua. Zahanati walipima malaria, hakuna. Presha ilikuwa juu kidogo, na kwa mtu wa umri wake nani angeshangaa? Tukarudi na vidonge. Kichwa hakikupoa. Ikafika asubuhi akawa anamwaga uji nje ya kikombe, anamwita mke wangu kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Halafu akaanguka koridoni, akakakamaa, mwili mzima ukitikisika. Mke wangu akamshika kichwa. Mimi nikatoka nikichechemea kutafuta bajaji, na kusema kweli nilishukuru kupata kazi ya nje.

Hospitali ya kwanza walisema ni kiharusi. Tukapewa rufaa, akapigwa picha ya kichwa, na daktari, binti mpole, akatueleza taratibu. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa unaoitoa kichwani, si ule unaoipeleka. Kwa hiyo damu iliingia ikakosa pa kutokea, msukumo ukapanda ndani ya fuvu, ukabana mishipa ya macho. Alisema kwa wazee ugonjwa huu unajificha, maana kila dalili watu husema ni uzee. Wakaanza sindano za kuzuia damu isigande. Wakatafuta saratani, hawakuiona. Mwishowe akauliza, "Nyumbani anakunywa maji vizuri? Mwili wake umekauka, na hilo nalo huchangia damu kuganda."

Mke wangu akatazama sakafu. Tulipotoka nje ndipo akasema.

"Alikuwa hanywi ili asiende chooni. Na wewe ulikuwa umekaa palepale."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mume wangu? Mama angekufa kwa aibu."

Ningehamia hata karakanani kwa rafiki yangu, na mguu wangu huohuo. Hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima katika nyumba ile, na hilo ndilo linaloniuma. Tungekuwa watu wa hovyo, wa kuropoka, mama wa watu angekunywa maji yake akawa mzima. Nilimkasirikia mke wangu, nikamkasirikia mama mkwe, nikaukasirikia mguu. Hasira zilipoisha nikabaki na majuto tu.

Alipona, lakini macho hayakurudi. Anaona mwanga na vivuli basi. Tulimchukua akae kwetu moja kwa moja, nikamjengea choo chake nyuma ya nyumba. Ni choo kizuri, ila hawezi kukifikia bila kuongozwa.

Siku moja mke wangu alikwenda Kagongwa kufuata mchele, na mama wa jirani aliyebaki naye alikuwa ametoka kidogo. Nikasikia kutoka chumbani, "Kuna mtu?" Nikanyamaza. Akaita tena, kwa sauti ya mtu aliyebanwa. Nikachukua fagio, nikamgusisha mpini mkononi, mimi nikashika upande wa pili. Akaukamata. Tukatoka hivyo, mimi mbele yeye nyuma, sijatamka neno. Nikasubiri mbali, nimegeuka. Alipotoka akipapasa ukuta, nikamrudishia mpini.

Nilipomfikisha kwenye kiti chake barazani, akatazama pembeni kama zamani, akasema, "Wabeja, jirani."

Jirani gani ananuka grisi? Alijua, na alijua kwamba najua. Nikataka kuitikia asante ile, nikajizuia.

"Sasa niletee maji, jirani," akasema. "Jagi zima."

Nikamletea. Alikunywa kikombe, akanyoosha mkono nimwongeze, akanywa kingine, maji yakimchuruzika kidevuni, hana haraka wala wasiwasi. Nilikuwa nimesimama karibu yake kuliko siku yoyote ya maisha yetu, nikilia na kiganja kimeziba mdomo, ili asiitambue sauti.