Dawa ya Mchana wa Ramadhani

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wafadhili walinituma Msambweni kukagua utafiti wa dawa ya matende. Daktari waliyempa fedha alinieleza kwamba wavuvi waliimeza kila adhuhuri, mbele ya macho yake, mwezi mzima wa Ramadhani.

Damu ilinichemka. Mimi ni mzaliwa wa papo hapo.

“Adhuhuri? Na saumu zao je?”

 Akaufunga mlango, akaninong’oneza, “Ndugu yangu, hakuna aliyemeza. Nisitiri.”

Kwetu, anayeomba stara hanyimwi. Nikaufungua mlango ule.

“Na watakaopewa dawa ambayo hukuijaribu,” nikamuuliza kwa sauti iliyowafikia watu waliokaa barazani, “nani atawasitiri?”