Taima Niliyofunga Kwenye Banda la Vifaranga

Leo nimeua vifaranga arobaini kwa sekunde ishirini.

Ni vya mdogo wangu, hapa nyumbani kwetu Nshambya. Baada ya miaka thelathini ugenini, nilirudi kumwomba kipande cha kibanja, shamba la migomba la baba, nijenge. Akasema atanijibu leo baada ya misa.

Nikataka kuonekana wa maana.

Asubuhi nikafunga taima kwenye taa ya kuvipasha joto: iwake dakika ishirini, izime dakika kumi, umeme usipotee bure.
Muda wa kuzima niliuweka sawa.
Wa kuwaka nilisahau kuweka kidoti cha dakika kwenye kioo, na bila kidoti kifaa kile huhesabu sekunde: taa ikawa inawaka sekunde ishirini tu, kisha inazima dakika kumi.

Mvua ilinyesha misa nzima.

Tuliporudi tukavikuta vimelundikana pembeni, vimekakamaa kwa baridi.

"Waitu, shemeji," mke wa mdogo wangu akasema kwa adabu, "si ulisema umesoma maelekezo yote?"

Niliyasoma. Mara mbili.

Mdogo wangu hakupaza sauti. Akanipa jembe, akanionyesha mahali kwenye migomba.
"Ulitaka kipande cha kibanja, kaka. Hicho hapo. Vifukie."

Nimevifukia.

Ninyi ambao hamkuondoka nyumbani, niambieni: bado naweza kumwomba tena?